Kulala kwa mfugaji milimani Wales: namna ya kutafuta, kukodi na kukaa

Mara ya kwanza tulipokwenda Eryri, jina lilituponza. Tangazo lilisema nyumba ya shamba na picha zilionyesha kondoo hadi dirishani, tukalipa. Tulipofika tukakuta nyumba nzuri kweli, ila ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku cha namba, kondoo walikuwa wa jirani, na mwenye nyumba alikaa mji mwingine, tunawasiliana kwa meseji. Usiku ule hita ikagoma. Hapakuwa na mlango wa kugonga.

Mwaka uliofuata tukaenda kwa mfugaji mwenyewe. Tulifika tumelowa chapachapa, mama mwenye shamba akatupa chai kabla hajatuuliza majina. Tangu siku hiyo huwa namtafuta mfugaji kwanza, nyumba baadaye, na ndivyo nitakavyokuelekeza hapa. Ninaandika hasa kwa wenzangu tunaoishi Uingereza, lakini hata wewe unayekuja kusalimia ndugu, viza yako ya matembezi ya Uingereza inakufikisha Wales pia, huhitaji nyingine.

Kwanza ujue unakokwenda. Eryri ndiyo milima ambayo Waingereza waliizoea kwa jina la Snowdonia. Ni hifadhi ya taifa tangu 1951, ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na tangu 2022 mamlaka ya hifadhi iliamua kutumia majina ya Kiwelsh, Eryri kwa eneo lote na Yr Wyddfa kwa kilele kikubwa. Kilele chenyewe kina mita 1,085. Aliyekulia Moshi anaweza kucheka, ila asicheke mpaka akutane na upepo wa huko. Halafu usiifikirie kama Mikumi au Tsavo, ambako watu hukaa nje ya mpaka na wanyama ndani. Hapa watu wamo ndani ya hifadhi na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi, wengi wao wafugaji wa kondoo. Ndiyo maana unaweza kulala shambani katikati ya hifadhi ya taifa.

1. Chagua upande wa mlima

Watu wengi hukimbilia kaskazini, karibu na Llanberis na bonde la Nant Gwynant, kwa sababu Yr Wyddfa iko huko. Ni pazuri, lakini Agosti barabara hujaa na maegesho ni vita. Kama huna haja ya kupanda kilele hicho, sioni sababu ya kubanana.

Kama huna gari, tafuta bonde la Conwy, kati ya Llanrwst na Betws-y-Coed. Kutoka kituo cha Euston, London, ni takriban saa tatu hadi Llandudno Junction, kisha unabadili na kupanda treni ndogo inayopanda bonde hadi Betws-y-Coed na kuishia Blaenau Ffestiniog. Wafugaji wengine hukubali kukufuata kituoni ukiwaambia mapema. Mabasi ya Sherpa'r Wyddfa yanazunguka njia za mlima mkubwa, kwa hiyo gari si lazima.

Kwa familia yenye watoto wadogo au bibi aliyekuja kutoka nyumbani, mimi huwaambia waende kusini, Dolgellau, chini ya mlima Cader Idris wenye mita 893. Kuna njia tambarare iitwayo Mawddach Trail iliyopita juu ya reli ya zamani, kama kilomita 15 kando ya mto hadi baharini Barmouth. Bibi atatembea anapoweza, akichoka mnarudi. Upande wa mashariki kuna Bala na Llyn Tegid, ziwa kubwa kuliko yote ya asili Wales. Mwaka 1800 binti aitwaye Mary Jones alitembea peku kutoka chini ya Cader Idris hadi Bala, zaidi ya maili 20, kwenda kununua Biblia. Kisa chake kilichangia kuanzishwa mwaka 1804 kwa chama cha Biblia cha Uingereza, ambacho baadaye kilichapisha Biblia za Kiswahili walizosoma babu zetu. Mama yangu alipoisikia habari hiyo hakutaka tena kuona ngome wala maporomoko ya maji. Alitaka kuona njia aliyopita yule binti.

2. Chagua mwezi kwa kalenda ya kondoo

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaangalia likizo ya shule na hali ya hewa, hawaangalii shamba lina kazi gani wiki hiyo.

Kondoo wa milimani huzaa kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, wakichelewa kuliko wa mabondeni kwa sababu majani huchelewa kuota. Mfugaji wakati huo halali. Baadhi ya mashamba hufunga milango kwa wageni, mengine huwakaribisha watoto kuwanyonyesha kwa chupa wana-kondoo waliokosa mama. Kwa mtoto aliyezaliwa Leicester ambaye kondoo amemwona sahanini tu, hilo halina bei. Lakini sikiliza vizuri: mjamzito asikaribie kondoo wanaozaa, wala wana-kondoo wachanga, wala nguo zilizotumika zizini. Kuna vimelea vinavyoweza kuharibu mimba, na huduma ya afya ya Uingereza hutoa onyo hilo kila mwaka. Kama mmoja wenu ni mjamzito, chagua mwezi mwingine. Watoto nao wanawe mikono kwa maji na sabuni kila wanapotoka zizini. Dawa ya kupaka mikononi peke yake haitoshi.

Mwezi wa saba ni kunyoa sufu. Kondoo hushushwa kutoka mlimani kwa mbwa wawili watatu na filimbi ya mdomo, na ukibahatika kuwepo siku hiyo, acha mipango yako yote ukae ukutani kutazama. Mbwa anayelala chini kwa mluzi mmoja, mita mia tatu kutoka kwa bwana wake, ni jambo la kuonwa kwa macho. Muulize mfugaji kuhusu neno *cynefin*. Ni kipande cha mlima ambacho kundi linakijua kuwa ni kwao. Hakuna ua, mama humfundisha mwanawe mipaka, mwana akikua naye humfundisha wake. Ndiyo maana shamba la mlimani likiuzwa, mara nyingi kundi huuzwa pamoja nalo: ukileta kondoo wageni watatawanyika. Wafugaji wetu wanaokata masikio ya ng'ombe kuweka alama wataelewa haraka, maana huko nako kila shamba lina mkato wake wa sikio na rangi yake ya kupaka mgongoni.

Bei hupanda sana kuanzia mwisho wa Julai na Agosti yote, na wiki za Pasaka. Juni na Septemba ndiyo miezi yangu. Juni kuna mwanga hadi karibu saa nne usiku. Desemba jua linazama saa kumi jioni, na ukiwa bondeni mlima unalimeza mapema zaidi. Ila majira ya baridi yana faida yake: tangu Aprili 2023, nyumba ya kujipikia huko Wales lazima ikodishwe angalau siku 182 kwa mwaka ili ihesabiwe kuwa biashara kwa ajili ya kodi. Mwenye nyumba ambaye hesabu yake bado haijatimia hatakufukuza ukimwomba kwa adabu akupunguzie bei ya Novemba. Na usiku usio na mawingu utaona nyota kama za kijijini. Eryri ilitambuliwa mwaka 2015 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga lenye giza.

Mvua haina mwezi wake. Miinuko ya juu hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam, tena hainyeshi kwa masika na vuli ikaisha. Inanyesha tu.

3. Soma tangazo kwa jicho la mkulima

Majina ya nyumba yatakueleza mengi. *Hendre* ni nyumba ya bondeni ya majira ya baridi, na *hafod* (tamka *havod*) ni ile ya juu ambako familia ilihamia na mifugo wakati wa kiangazi. Wachaga wenye kihamba mlimani na shamba la tambarare hawahitaji maelezo. Ukiona *Hafod* kwenye jina, tarajia mandhari ya ajabu, upepo na barabara mbaya. *Tyddyn* ni kishamba kidogo. *Beudy* lilikuwa zizi la ng'ombe na *ysgubor* lilikuwa ghala, yote siku hizi yamegeuzwa vyumba vya wageni, mara nyingi vyenye kuta nene na joto zuri. *Bwthyn* ni kijumba.

Kisha amua aina ya malazi. Kuna chumba ndani ya nyumba ya familia, unalala na kunywa chai ya asubuhi mezani kwao. Hii ndiyo bora kwa watu wawili wanaotaka mazungumzo. Kuna nyumba ya kujipikia uani, inayowafaa wenye watoto na wenye masharti ya chakula. Kuna mabanda ya vitanda vya juu na chini kwa vikundi vya wapanda mlima. Na kuna vibanda vya mbao vya kisasa na mahema ya kifahari, ambavyo watoto huvipenda na mimi mgongo wangu umevikataa.

Dalili za shamba la kweli ni hizi: tangazo linataja familia na mifugo kwa aina yake, kama kondoo wa milima ya Wales au ng'ombe weusi wa Wales, kuna onyo kuhusu matope, mageti na mbwa, kuna namba ya simu ya mezani. Kama maelezo yote ni beseni la maji moto na mvinyo wa kukaribishwa, hiyo ni nyumba ya kitalii iliyopakana na kondoo. Angalia pia nyota za Visit Wales, idara ya utalii ya huko, moja hadi tano, zinazotolewa baada ya mkaguzi kutembelea. Usizidharau nyota tatu. Nimelala vizuri kwenye tatu kuliko kwenye tano.

4. Piga simu

Usitume barua pepe tu. Piga simu jioni, baada ya saa moja, wakati watu wametoka zizini. Jitambulishe, sema mko wangapi, na uliza kama familia inaishi hapohapo. Swali hilo pekee litakuokoa na lililotupata sisi.

Mengine ya kuuliza yanategemea nyumba yako. Moto unawashwaje, wa mafuta, umeme au kuni, na kuni ziko ndani ya bei? Mashuka na taulo vipo? Maji ni ya bomba au ya chemchemi? Ya chemchemi kwa kawaida huchujwa na kutibiwa, lakini uliza. Simu inashika netiweki? Kuna mahali pa kukaushia nguo na viatu? Hilo la mwisho nilikuwa silijali. Siku ya pili ya kuvaa viatu vilivyolowa ilinifundisha.

Waislamu wamalize suala la chakula kwenye simu hiyohiyo. Chai ya asubuhi ya huko huja na nyama ya nguruwe isipokuwa umesema, na vile vikeki vya Wales vya kuoka kwenye chuma cha moto, *Welsh cakes*, kiasili huwekwa mafuta ya nguruwe. Wengine hutumia siagi. Muulize aliyepika, hatachukia. Ukiwa nyumba ya kujipikia, nunua nyama halali mjini kwako, igandishe, isafiri kwenye boksi la baridi, maana ukishaingia mabondeni duka ni la kijiji. Bangor, mji wa chuo kikuu upande wa kaskazini, una msikiti.

5. Lipa kwa tahadhari

Mara nyingi kukodi moja kwa moja kwa mfugaji ni nafuu kuliko kupitia wakala, kwa sababu wakala ana kamisheni yake. Utatoa advansi, na salio wiki kadhaa kabla ya kwenda. Soma masharti ya kughairi kabla ya kutoa hata senti. Kama jumla ni zaidi ya pauni 100, kadi ya mkopo inakupa ulinzi wa kisheria nyumba ikikosekana. Anayeng'ang'ania umtumie fedha benki kwa akaunti ya jina jingine, mwache.

Wiki za kiangazi nyumba nyingi za kujipikia hukodishwa kwa siku saba, Ijumaa hadi Ijumaa au Jumamosi hadi Jumamosi. Nje ya msimu utapata siku tatu au nne. Kuna pia sheria ya mwaka 2025 inayoziruhusu halmashauri za Wales kuwatoza wageni kuanzia 2027, pauni 1.30 kwa mtu kwa usiku katika malazi ya kawaida. Kila halmashauri inaamua yenyewe, na Eryri imegawanyika kati ya Gwynedd na Conwy, basi uliza kama bei uliyotajiwa imeshaijumuisha.

6. Safari na mzigo

Kwa gari, Manchester ni kama saa mbili, Birmingham saa tatu na ushei, London tano ukiondoka alfajiri. Fika mchana. Njia za mashambani zina upana wa gari moja, kuta za mawe pande zote mbili, na sehemu za kupishana hapa na pale. Aliye karibu zaidi na sehemu hiyo ndiye anayerudi nyuma, kwa hiyo kama kurudi nyuma kunakutoa jasho, jizoeze kwanza. Tangu Septemba 2023 mwendo wa kawaida mitaani Wales ni maili 20 kwa saa, na faini zipo. Neno *ARAF* lililopakwa barabarani ni "polepole".

Usiiamini ramani ya simu maili ya mwisho. Mwombe mfugaji maelekezo kwa maandishi, uyachapishe. Ukinunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, OL17 ni ya upande wa Yr Wyddfa na OL23 ni ya Cader Idris na Llyn Tegid.

Mzigoni weka gambuti kwa kila mtu, koti la mvua la kweli (si lile la fasheni), sweta hata Julai, tochi ya kichwani, na nguo mbili za kubadilisha zaidi ya unavyodhani. Weka unga wa ugali, viungo, na sufuria yako ikiwa unaipenda.

7. Ukishafika

Salimia kwa Kiwelsh. Katika sensa ya 2021, watu wapatao 64 kati ya kila 100 Gwynedd walisema wanakizungumza, na shambani ndicho utakachosikia jikoni. Sisi Waswahili tuna bahati kwa matamshi: *dd* yao ni *dh* ya dhahabu, *ch* yao ni *kh* ya kheri, *f* yao ni *v*, na *w* mara nyingi ni *u*, kwa hiyo *cwm*, bonde, ni *kum* tu. *Bore da* ni habari za asubuhi, *diolch* ni asante, *croeso* ni karibu. Herufi *ll* sina la kukusaidia.

Jioni moja baba mwenye shamba alituonyesha kwa mkono ukubwa wa kipande cha ubao ambacho watoto wa shule zamani walivishwa shingoni wakikamatwa wanaongea Kiwelsh. Mtoto alimpasia mwenzake aliyekosea, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku alichapwa. Mume wangu, aliyesoma Kenya, akacheka cheko la uchungu, akamwambia: na sisi tulikivaa, kwa kuongea Kiswahili. Wakakaa mpaka usiku wa manane.

Sheria za shamba ni chache na hazina mjadala. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Mfugaji ana sababu, huenda kondoo wanahitaji kufikia maji. Usipande kuta za mawe, zimepangwa bila saruji na zinabomoka. Mbwa wako awe na kamba muda wote, kwa sababu mbwa anayefukuza kondoo anaweza kupigwa risasi, na sheria iko upande wa mfugaji. Usiwalishe wanyama bila ruhusa. Pita njia zenye alama ya *llwybr cyhoeddus*, njia ya umma. Mabaki ya chakula yana kindoo chake, usiyachanganye na taka nyingine. Na vyoo vingi humwaga kwenye shimo lililopo hapohapo shambani, hivyo usitupe humo kitu kisicho karatasi ya chooni.

Ukitaka kupanda Yr Wyddfa, njia ya Llanberis ndiyo nyepesi, kama maili tisa kwenda na kurudi. Crib Goch iache kwa wenye uzoefu, ni ukingo mwembamba wenye shimo huku na huku. Ukiegesha Pen y Pass uwe umelipia nafasi mapema mtandaoni. Mwambie mfugaji njia utakayopita na saa utakayorudi. Ukipata dharura piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Nyumbani kabla ya safari tuma neno *register* kwenda 999, ili uweze kuomba msaada kwa meseji pale ambapo sauti haipiti.

8. Siku ya kuondoka

Kwa kawaida unatakiwa kutoka saa nne asubuhi, na wageni wapya huingia saa kumi jioni. Katikati hapo mama mwenye shamba anafua, anapiga deki na bado ana kondoo. Vua mashuka, toa majivu ya jiko yakiwa yamepoa, osha sufuria zilizoganda ugali. Kama mlipapenda, omba tarehe za mwakani palepale mlangoni. Wiki nzuri huchukuliwa na wageni wa zamani kabla hazijafika kwenye tangazo. Utakuta pia kitabu cha wageni mezani. Cha kwetu niliandika ukurasa mzima kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata nikakuta mama wa watu ameubandika alama, anataka nimsomee kwa sauti.